Nzi wa Katindiuka na Shangazi Paskalia

Ifakara, Jumapili, Juni 1996

Jua limewaka tangu asubuhi baada ya siku nyingi za mawingu, lakini mimi nimeamka na uchungu mdomoni. Leo baba amemaliza kuvuna shamba la Shangazi Paskalia.

La shangazi, si letu. Letu halikuwa na cha kuvunwa.

Mwezi wa tatu mpunga wetu kule Katindiuka ulianza kukauka jani la katikati, shina baada ya shina. Wa shangazi, dada yake baba, mjane asiye na mtoto, ulikuwa ng'ambo ya tuta tu, umesimama kijani. Hilo lilitosha. Ukoo ulikaa, ukasema ndiye aliyelifunga shamba letu kwa uchawi, ukamtaka aondoke. Alipanda treni na begi moja, akaenda Chita kwa ndugu za marehemu mumewe.

Nilikuwepo kwenye kikao kile. Sikufungua mdomo.

Kazi yangu ni kupiga picha, studio hapa mjini. Wiki ile nilikwenda shambani na kamera, lenzi nimeigeuza nyuma mbele ili kitu kidogo kionekane kikubwa. Kwenye majani niliwakuta nzi wembamba, macho yao yamekaa kwenye ncha za vijiti viwili vilivyotokeza kichwani kama pembe. Filamu ya rangi husafishwa Morogoro, kwa hiyo picha zilinifikia mwezi uliopita, shangazi ameshaondoka.

Nilimpelekea bwana shamba. Aliyatazama yale macho tu, akamtambua nzi. Akanieleza kwamba funza wa nzi huyo huingia ndani ya shina changa akala moyo wake, na kwamba huumia zaidi mpunga uliochelewa kupandwa. Shangazi alipanda kwa mvua za kwanza. Sisi tulikuwa tunasubiri trekta.

Basi. Hakukuwa na jingine.

Nilikwenda kwa baba karibu nakimbia. Aliishika picha, akaigeuza kwenye mwanga, kisha akanirudishia.

"Nimemwona, mwanangu," alisema. "Na huyu nzi, alitumwa na nani?"

Hakuna lenzi inayoweza kumpiga picha mtu ambaye hakutuma nzi. Wiki iliyofuata baba aliingia na mundu kwenye shamba la dada yake, na hakuna aliyemuuliza.

Juzi nilikwenda Chita. Shangazi amekonda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikaribisha mkekani, akaniuliza habari za nyumbani, hata za baba. Nikamweleza yote aliyosema bwana shamba, nikamwekea picha mapajani. Hakuigusa.

"Mimi sikuhitaji picha kujua kwamba sikuroga," alisema. "Wewe ulihitaji?"

Nilirudi jana. Njia nzima nilitazama nje ya dirisha la treni na sikumbuki nilichokiona.

Jioni hii mama amepika wali wa mpunga uliotangulia kuvunwa. Ulinukia nyumba nzima. Baba aliusifu, akaomba aongezewe. Mimi niliisogeza sahani pembeni, nikasema sina njaa. Mama alisubiri baba atoke kunawa, akanirudishia ile sahani.

"Kula," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hata mimi najua ni wa nani."

Nilikula. Ulikuwa mtamu.