Sauti Nyuma ya Bwana Edmund

Jumatatu, 3 Juni

Baridi. Nimepiga pasi koti la Bwana Edmund, nimekaza kifungo, nimemvalisha. Ndiyo kazi yangu katika jumba hili dogo la maigizo la Doornfontein: kuwavalisha waigizaji. Safari hii ni mmoja tu. Mzee Mwingereza, mchezo mzima anaucheza peke yake. Leo ameniuliza tena tuko mji gani. Nikamwambia Johannesburg. Akashukuru kama mtoto aliyepewa maji. Muda mfupi baadaye alikuwa jukwaani, hakukosea hata neno.

Alhamisi, 6 Juni

Amenisimulia maisha yake nikimkunjia mikono ya shati. Mtoto wa muuza nyama, kaskazini ya Uingereza. Alianza maigizo na rafiki yake Arthur, wakilala chumba kimoja. Arthur ndiye aliyemfundisha kukariri. Akafa kijana, ajali ya gari. Sinema na televisheni zilimkuta Edmund akiwa peke yake. Amecheza polisi, askofu, daktari. Watu sura yake wanaijua, jina hawalijui. Hilo analisema bila uchungu. Jina la Arthur tu ndilo linalomuuma.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemchungulia kutoka pembeni mwa jukwaa. Kabla ya kila sentensi ngumu ananyamaza, anainamisha kichwa kushoto, kama anayesikiliza. Nikamuuliza Thandi, msimamizi wa jukwaa, nani anamkumbushia maneno.

"Eish, Mama Neema, hakuna mtu. Hata kile kidude cha sikioni alikikataa."

Sikulipenda jibu hilo.

Jumanne, 11 Juni

Nimesikia. Sauti ya mwanamume, ya chini, ya kijana. Inatangulia, Edmund anafuata. Upande ule kuna ukuta tu.

Nilirudi nyumbani Hillbrow nikiomba njia nzima. Ndani ya teksi, daladala za huku, mama mmoja akaniuliza kama naumwa. Nimemsimulia binti yangu Neema, amenijibu kwa Kiingereza chake: ni mwangwi, mama. Sawa. Lakini mwangwi huja baada.

Jumatano, 12 Juni

Sitaki kwenda kazini. Nimekwenda.

Jumamosi, 15 Juni

Onyesho la mchana.

Karibu na mwisho wa mchezo Edmund hupanda ngazi hadi kwenye roshani ya mbao, anasimama, anatazama mbali. Leo sauti ilisema neno lisilo la mchezo. "Njoo." Kwa upole, kama unavyomwita mtu mezani. Edmund akatabasamu. Akavuka kamba ya usalama. Mguu mmoja hewani.

Sikufikiri. Nilipanda na aproni yangu, mbele ya watu wote, nikamkamata koti kwa mikono miwili. Nikapiga kelele kwa Kiswahili: "Mwache! Huyu bado ni wetu!"

Watu wakapiga makofi. Walidhani ndiyo mchezo.

Tuliposhuka, Edmund hakuniachia mkono.

"Ulimsikia Arthur?"

"Nilimsikia, mzee."

Akalia. Miaka yote hiyo alidhani ni kichwa chake tu.

Jumanne, 18 Juni

Maonyesho yamefutwa. Mwanawe wa kike amefika kumchukua, atamrudisha Uingereza. Thandi anasema nimemwokoa. Kweli. Nimemnyang'anya jukwaa pia. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 23 Juni

Edmund amekuja kwangu kuaga. Binti yake alimsindikiza hadi mlangoni, akashuka kungojea ndani ya gari. Ndege ni kesho.

Mzee aliketi karibu na cherehani, jua la asubuhi mgongoni. Chini barabarani watu walikuwa wakienda kanisani, wanaimba. Nikamimina chai. Vikombe vitatu, sijui kwa nini. Tulikuwa wawili.

Alikitazama kile cha tatu. Akakitia sukari, vijiko viwili, akakoroga taratibu, akakisogeza upande wake wa kushoto.

Tukanywa chai yetu. Kile hatukukigusa.