Mjomba Anataka Niruke Tena, Nami Nasimama kwa Siri

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuomba unipe neno la maana kabla sijamrushia mtu bakuli, kwa sababu maji yamenifika shingoni na kila anayeingia chumbani kwangu anakuja na ndoo nyingine.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, mchezaji wa kuruka juu, au nilikuwa, na hapo kwenye "nilikuwa" ndipo ugomvi wote ulipo. Mwaka jana tukiwa mazoezini niliruka vizuri tu, nikaupita ufito kwa mgongo kama tunavyofundishwa, lakini magodoro ya kuangukia yalikuwa yameachana katikati na hakuna aliyeyasogeza, basi mimi nikaingia kwenye ule mwanya, kiuno kikapiga chini, na tangu hapo ni mtu wa kitanda. Walinipasua, wakanitia vyuma mgongoni, daktari akasema uti wa mgongo umeumia lakini haukukatika, miguu itarudi polepole, kutembea nitatembea, na kuhusu kuruka akasema tusubiri tuone. Sasa hilo "tuone" mjomba wangu alilisikia kama "ndiyo".

Mjomba ni kaka yake mama na ndiye kocha wangu. Alinichukua nikiwa darasa la sita, na tangu siku hiyo sijawahi kula sahani ya chakula bila yeye kuitazama. Mungu ananiona, simchukii, baba alipofariki yeye ndiye aliyesimama na sisi. Lakini anakuja kila jioni kutoka uwanjani, filimbi bado iko shingoni, anakaa ukingoni mwa kitanda na kuniuliza, "Bingwa, leo vipi?" Nikisema naumwa, anasema maumivu ni mshindani tu, mpite. Nikisema siumwi, anasema umeona, mwaka huu huu tunarudi. Amepiga mstari wa chaki ukutani, mbele ya kitanda, kwenye kimo cha juu kabisa nilichowahi kuruka, na juu ya mstari akapigilia msumari na kutundika viatu vyangu vya njumu, eti nikifungua macho asubuhi kitu cha kwanza nione viatu. Mimi nikifungua macho asubuhi nataka kuona chai.

Wageni nao ndio usiseme. Kila mmoja ana binamu yake aliyevunjika mgongo sehemu mbili na leo anabeba magunia. Huyu ananiambia mvumilivu hula mbivu, yule baada ya dhiki faraja, nimelishwa methali kuliko chakula. Wenzangu wa timu walikuja wakanipiga picha, wakaniambia nitabasamu nionyeshe na dole gumba, halafu wakaiandikia "Shujaa hakati tamaa", na mimi muda wote ule nilikuwa nimebanwa, nataka chooni.

Sasa nikwambie lililo moyoni, ambalo sijamwambia mtu. Mimi sina huzuni. Wiki za mwanzo pale hospitali nililia, sikatai, lakini kilio kilipoisha nikasikia kitu mwilini ambacho sikukijua, nikawaza labda ni dawa, baadaye ndiyo nikagundua kumbe ni kupumzika. Tangu utotoni kila kitu kwangu kilikuwa kimo, nikiona ukuta najiuliza nitaupita au sitaupita, nikiona mlango naupima, hata kwenye msiba wa baba nilijikuta naangalia kamba ya turubai nikihesabu nianzie wapi kukimbia, na hilo mpaka leo linanitia aibu. Sasa nimelala, na ukuta umekuwa ukuta. Nimejua kwamba mama anaimba akiwa anashona, na kwamba anaimba vibaya, na miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia kwa sababu nilikuwa uwanjani. Nimejua majirani wanagombana kuhusu nini hasa. Mama ananipa nguo za wateja nitie vifungo, navitia vizuri. Watu wanasema maisha yangu yamesimama, mimi naona ndiyo kwanza yananikaribia, na ukweli ni kwamba sitaki kuruka tena, si kwamba naogopa, au labda naogopa, sijui, lakini sitaki. Ukiniuliza nataka nini badala yake, hilo nalo silijui, kwani ni lazima mtu ajue?

Basi tatizo lenyewe ni hili. Miguu imerudi. Kule kliniki ya mazoezi ya viungo nasimama nikishika vyuma vya pembeni, na siku hizi napiga hatua mpaka upande wa pili. Ndugu wa mgonjwa hawaruhusiwi kuingia chumba kile, mama huwa anakaa kwenye benchi la korido, na yule dada anayenifanyisha mazoezi nilimwomba asiseme kitu, nikamwambia nataka kuwashtukiza nyumbani. Alifurahi mpaka akapiga makofi. Sasa kila nikienda ananiuliza, "Bado tu hujawashtukiza?" nami nasema bado natafuta siku nzuri.

Nyumbani nalegeza miguu. Mama ananinyanyua asubuhi kunipeleka bafuni, ananirudisha, jioni tena, nami najifanya gunia, kwa sababu siku nitakayosimama mbele ya watu, jioni yake mjomba atakuja na tepu ya kupimia, namjua. Mama akitoka kwenda dukani ndiyo natembea. Nashika kitanda, nashika ukuta, nafika dirishani, natazama barabara, narudi. Majuzi goti lilikataa nikiwa njiani, nikadaka pazia, pazia na bomba lake vyote vikaja chini, nikarudi kitandani kwa kutambaa. Mama akaingia, akauliza nini hiki, nikasema upepo. Akatazama dirisha, limefungwa. Akasema, "Upepo wa siku hizi una mikono," akarudishia pazia lake, basi.

Tangu siku hiyo amekileta kile kiti chake kizito cha kushonea, amekiweka katikati ya kitanda na dirisha, kinanizibia njia, nikimwambia akitoe anasema kitakaa hapo hapo. Yaani nyumba hii kila mtu anafanya atakavyo isipokuwa mimi. Na yeye mwenyewe siku hizi hashoni sana, anasema kiuno kinamuuma, akiinuka mpaka ashike ukuta, nikimuuliza anasema ni uzee. Nyumba nzima sasa ni migongo tu.

Kwa hiyo nisaidie, mshauri. Nimwambieje mjomba kwamba sitaki kuruka tena, bila kumvunja moyo na bila kuonekana sina shukrani? Na nimwambieje aache kuniita bingwa?

Ni mimi, Niliyechoka Kutiwa Moyo

*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikatamani ungekuwa karibu nikufinye.

Nianze na haki yako, maana unayo. Mtu aliyevunjika mgongo halazimiki kutabasamu ili picha ya wenzake ipendeze. Mgeni akianza habari za binamu wa magunia, mkatize kwa adabu, mwombe akuletee maji ya kunywa. Watu wengi huongea sana mbele ya kitanda kwa sababu hawajui mikono yao waiweke wapi, ukiwapa kazi wananyamaza.

Na kuacha kuruka si kukata tamaa. Wanaokuambia hivyo wanafikiri maisha yako yalikuwa ule ufito, na wewe mwenyewe ulifikiri hivyo mpaka juzi. Sasa umelala ukamsikia mama yako akiimba vibaya, ukafurahi. Hiyo si huzuni wala si uvivu, na huhitaji cheti cha daktari kuithibitisha. Hujui utafanya nini baadaye? Usijue. Mgongo una vyuma, umri ni miaka ishirini na mitatu, nani anakukimbiza? Kama kuna woga ndani yake, na uwemo, ni woga wenye akili. Uliingia kwenye mwanya ambao mtu mwingine alipaswa kuuziba.

Hilo la magodoro umelipita haraka, na nadhani unajua kwa nini. Nani anayakagua magodoro kabla mchezaji hajaruka? Kocha. Sisemi umfungulie mjomba kesi. Nasema tu, yule mtu mzima anayekuja kila jioni na filimbi shingoni, huenda kimo chako hakimshughulishi kama unavyodhani. Anataka uruke tena ili iwe kana kwamba siku ile haikutokea. Mhurumie kwa hilo, lakini usiruke kwa ajili yake.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Au simama, kumbe unaweza.

Umeniuliza kuhusu mjomba, na swali lako ni la mama. Nimekaa kwenye safu hii miaka mingi nikiwaandikia watu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ni wa kwanza kuniandikia kwamba unaficha uzima. Mama yako anamnyanyua mtu mzima, mrukaji, mwenye mifupa mirefu, asubuhi na jioni, naye huyo mtu ana miguu inayofika dirishani. Halafu habari ya kiuno chake umeichomeka mwishoni kabisa, ukaifanyia na mzaha. Uzee gani huo unaoanza wakati uleule unapojifanya gunia? Kile kiuno unakivunja wewe, binti yangu. Na hakuna mtu katika nyumba hiyo anayejua kuliko wewe mgongo ukienda unakwenda na nini.

Usiniambie unamwogopa mjomba. Kumwogopa ni kwa jioni, na anayelipa ni mama, tangu asubuhi.

Halafu kuna hicho kiti. Mtoto wewe! Mtu asiyetembea, kiti kinamzibia njia gani? Ulipomwambia akitoe ulijitangaza mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, yako iliishia kwenye pazia. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa, lakini naona mwanamke aliyekuta pazia chini na dirisha limefungwa, asipige kelele, asiulize mara ya pili, akaenda kutafuta kitu kizito ndani ya nyumba kisichoteleza, akakiweka pale ambapo mwanawe angeweza kuanguka. Amejinyima kiti chake cha kushonea ili wewe upate pa kushika. Nadhani anajua. Nadhani anakunyanyua huku anajua, kwa sababu anaona hujawa tayari kusema, na yeye si mtu wa kumvua mwanawe nguo mbele ya kocha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini huyu amekubali kuubeba mpaka mifupani, na wewe umemwacha.

Fanya hivi. Kutembea peke yako mlango ukiwa umefungwa, koma leo. Mgongo wenye vyuma ukianguka mara ya pili hakutakuwa na mtu wa kumshtukiza. Kliniki mwambie yule dada ukweli wote, mchezo wa siri umekwisha, na umwombe amruhusu mama aingie ndani afundishwe namna ya kukusaidia bila kukubeba. Mkiwa huko huko, kiuno chake kitazamwe na mtu anayejua viungo, wala msikubali jibu la uzee.

Mjomba akija jioni, usimtume mama akusemee. Mwambie wewe, na uyaseme mawili kwa pumzi moja: "Mjomba, natembea, na sitaruka tena." Ukisema la kwanza ukatua, yeye atajaza nafasi na "mwaka huu huu tunarudi". Usifafanue, usiombe ruhusa, usilie ili akuonee huruma. Mshukuru kwa miaka yote, kwa sababu anastahili, kisha mwombe atungue vile viatu kwa mkono wake. Akinuna, anune. Akitoka bila kuaga, atarudi, huyo ni mjomba wako kabla hajawa kocha. Na akikuita bingwa siku mbili tatu zaidi, mwache, ulimi nao una mazoea yake.

Lakini hayo yote ni ya jioni. Kabla ya jioni kuna asubuhi, na mama ataingia kama kawaida, atainama, ataweka mikono chini ya makwapa yako. Mwambie aiondoe. Mwambie arudi nyuma kidogo. Halafu usimame mbele yake, peke yako, na akikuuliza ni tangu lini, mtajie mwezi wenyewe, hata kama jibu litamuuma kuliko kiuno.