Mkate wa Bahrom

Zulxumor, nimeula mkate wa Bahrom! Ule alioung'ata mume wangu siku ya kwenda Urusi, tukautundika ukutani kama ilivyo desturi, ili arudi salama aumalize mwenyewe.

Simu yake haipatikani tangu juzi. Nikauchovya kwenye chai, kipande kwa kipande, na wala sikuwa na njaa.

Mama mkwe kaingia, kaona msumari mtupu. "We mwanamke, umemla mwanangu?" Eti umemla mwanangu, shoga!

Tangu utotoni naamini nikishiba hofu itatoka. Leo nimeshiba hadi kichefuchefu, na hofu imekaa palepale.

Mtoto kaanza kulia, mkono wangu ukakimbilia biskuti nimzibe mdomo. Nikairudisha. Nikampakata tu, tukalia wote wawili.

Sasa simu ya mama mkwe inaita. Namba ni ya Urusi, lakini si ya Bahrom. Ananiambia, "Pokea wewe."