Mwanamke Haingii Mtungini

Jumatatu, 9 Septemba 2019

Zabibu zimeiva. Nimeonja safu tatu za juu: mbegu zimegeuka kahawia, na utamu unatangulia uchachu. Tutavuna Jumamosi ya tarehe 21.

Na mtungi mkubwa wa mvinyo, wenye kina cha mtu mzima, bado mchafu.

Naandika hivyo bila kupamba kwa sababu mezani leo kila mtu aliuzunguka ukweli huu. Baba alifariki Machi. Aprili mvinyo wake wa mwisho ulichotwa, ukagawiwa jamaa, na mtungi ukabaki humo ardhini ulimofukiwa tangu enzi za babu, na mashapo yake chini. Baba mdogo Zakro aliahidi kuuosha. Hakuuosha. Ulikuwa wakati wa msiba, sikumdai.

Leo nilisema nitauosha mimi. Mvinyo wa kumbukumbu ya mwaka wa baba utoke katika mtungi wake mwenyewe, si katika matangi ya plastiki ya mdogo wake.

Baba mdogo aliweka mkate chini. "Mwanamke haingii mtungini," alisema. Kwa upole — kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali pa kunawa. Mvinyo utageuka siki; ndivyo wazee walivyoamini. Nikamwuliza, wazee gani? Akasema wote.

Nimesoma kemia miaka mitano, nimepima maji ya bomba ya mji mkuu, Tbilisi, miaka kumi na mmoja. Sijui bakteria wa siki anaitambuaje jinsia ya mwoshaji. Lakini niwe mwadilifu: sijui pia kama nalitaka hili kwa ajili ya baba, au kwa ajili ya kumwona Zakro ameshindwa. Huenda yote mawili ni kweli.

Nitauosha hata hivyo.

Jumatano, 11 Septemba

Baba mdogo ameleta mwoshaji. Jina lake Gocha, anatoka ng'ambo ya mto, na alikuja na mashine ya kurusha maji kwa presha na dumu la klorini. Zakro mwenyewe hawezi kuingia. Mdomo wa mtungi una upana wa mabega yangu, na tumbo lake lilishakata shauri muda mrefu uliopita. Bibi Mzekala, jirani yetu, alimkumbusha kutoka upande wa pili wa ua: mara ya mwisho alipopita pale alikuwa bado na nywele.

Nilimzuia Gocha mlangoni mwa chumba cha mitungi. Nilimweleza kwamba udongo wa kuchomwa si kioo. Unakunywa. Ukiupa klorini utaitunza, na majira ya kuchipua utairudisha ndani ya mvinyo kama harufu ya ghala lenye ukungu. Tena presha ile itabandua nta iliyopakwa ndani.

Akauliza nimeosha mitungi mingapi. Nikasema hata mmoja.

"Dada yangu," alisema, "vitabu havina mashapo."

Alicheka, si kwa ubaya. Mimi sikucheka. Nilisema mtungi ni wa baba yangu na dawa ile haiingii. Gocha akamtazama Zakro. Zakro akautazama mti wa jozi uani. Mpira wa maji ukakunjwa, dumu likarudi garini.

Nimebaki na mtungi, na siku kumi.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimekosea.

Nilichota mashapo yote, kisha nikachemsha masufuria mawili ya maji na kuyamimina. Maji ya moto huua — ndivyo nilivyojiambia. Kufikia alasiri harufu ilikuwa imezidi: siki, na chini ya siki kitu kama soksi mbichi. Nta ya begani imeyeyuka, matundu ya udongo yamefunguka, na uchachu umepata njia ya kuingia ndani zaidi. Maji baridi kwanza! Mwanafunzi yeyote ningemkata alama kwa kosa hili. Nilikuwa na haraka ya kuonekana najua.

Baba mdogo alipita mlangoni. Alivuta pumzi moja ndefu kwa pua, akaenda zake.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekwenda kwa bibi Mzekala, na aibu yangu mkononi kama sahani ya kuazima. Ana miaka themanini na mmoja. Aliniacha nimalize, kisha akataja kazi kwa mpangilio, akiendelea kuchambua maharage. Maji baridi mara tatu, kusugua kila mara. Kisha uji wa chokaa, upakwe ukutani kote, ukae siku mbili. Kisha maji ya majivu. Kisha baridi tena, hadi yatoke kama yalivyoingia. Chombo cha kusugulia kiwe cha magome ya mti wa cheri na si brashi ya duka, kwa sababu gome husugua bila kukwaruza.

Nikamwuliza kajulia wapi.

"Wakati wa vita wanaume wote walikwenda," alisema. "Wewe unadhani mitungi ilijiosha?"

Mama yake ndiye aliyeingia. Yeye, mtoto wa miaka mitano, alishika mshumaa. Mtaa mzima walifanya hivyo, miaka minne. Na mvinyo? Ulikuwa mvinyo. Wale wachache waliorudi waliunywa, wakausifu, wakauliza nani aliyeosha.

"Mkasemaje?"

"Tulisema mzee fulani kiwete. Alikuwa keshakufa, hakuweza kukana."

Kwa nini, nilimwuliza. Alitupa ganda la haragwe. "Walikuwa wamechoka, mwanangu. Kisha tukazoea."

Kwenye maabara sikubali sampuli moja, tena kumbukumbu ya mtoto wa miaka mitano, tena ya miaka sabini na sita iliyopita. Nimejaribu kuitilia shaka njia nzima ya kurudi nyumbani. Zakro alisema wazee wote. Sasa najua angalau mmoja aliyekuwepo, na wazee wake walikuwa na sketi.

Mchana huuhuu nimeanza maji baridi, kwa gome lililofungwa kwenye mti mrefu. Chokaa naipaka kesho asubuhi.

Jumanne, 17 Septemba

Leo nimeingia.

Kwanza mshumaa, ulioteremshwa kwa kamba hadi chini. Ukizimika, hewa ya chini inaua. Haukuzimika. Kisha mimi, mikono juu ya kichwa. Bibi Mzekala aliketi ukingoni kwa kigoda. Sheria ni kwamba aliye ndani asinyamaze, ili wa juu ajue bado anapumua. Nilianza kutaja elementi kwa mfuatano — haidrojeni, heli, lithi — na sauti yangu ikanizunguka kubwa kama ya mtu mwingine.

"Imba," alisema bibi kutoka juu, "au unitukane mimi. Hiyo sala yako inanitisha."

Niliendelea nayo. Chokaa ilitoka kwa vipande, mikono ikawaka hadi viwikoni. Upande wa kulia, juu kidogo ya tako la mtungi, kulikuwa na mfuo ambao mti mrefu hauufikii. Humo ndimo uchachu ulimojificha, mweusi, unateleza. Mtu lazima aingie. Hakuna njia nyingine.

Nilikuwa nimefika kalsi, elementi ya ishirini, niliposikia viatu vya baba mdogo.

Tangu utotoni ananiita "baba mdogo", kama wakubwa wa kwetu wanavyowarudishia wadogo cheo chao wenyewe kwa mapenzi. Leo hakuniita hivyo.

"Lamara. Toka."

Nikasema bado bega la kushoto la mtungi.

"Toka kabla watu hawajajua."

"Na mimi ni nani, kuku?" aliuliza bibi Mzekala.

Aliinama, kivuli cha kichwa chake kikaziba mwanga wangu. Alisema mvinyo ukiharibika, Machi hawatanicheka mimi. Mimi nitarudi Tbilisi. Yeye ndiye atakayesimama kaburini na jagi la siki, mbele ya kila aliyemjua kaka yake Vano, na watasema ukoo wa Vano ulishindwa kutoa hata kikombe kimoja. Sauti yake ilitetemeka. Au mtungi uliitetemesha. Humo ndani siwezi kuapa.

Nilisugua bega la kushoto. Nilitaja elementi kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka zinki. Alisimama pale mpaka shaba. Kisha mwanga ukarudi.

Jumatano, 18 Septemba

Mikono imevimba. Maji ya majivu yamemiminwa.

Mke wa baba mdogo amekuja na malai ya maziwa ya ng'ombe kwa ajili ya ngozi yangu. Alisema, akitazama pembeni, kwamba Aprili Zakro alikwenda kwenye mtungi mara mbili na ndoo. Mara mbili aliketi ukingoni, akarudi na ndoo kavu.

Nililipindua neno hilo siku nzima. Huenda nilimsoma vibaya; huenda nilichokiita uvivu, kisha kiburi, kilikuwa huzuni tu isiyo na jina. Au mkewe anampenda na anamtafutia udhuru. Vyovyote. Huzuni yake haikuuosha mtungi.

Ijumaa, 20 Septemba

Jana nilichoma utambi wa salfa ndani na kufunika. Leo asubuhi nimefunua, nimesuuza. Karatasi ya kupimia uchachu: saba, kama maji safi. Harufu: jiwe lililonyeshewa. Au pua yangu inataka jiwe.

Baba mdogo ameyaosha matangi yake ya plastiki na kuyapanga uani, manne, yanang'aa, mahali ambapo lazima nipite.

Jumamosi, 21 Septemba

Saa sita mchana, naandika juu ya kikapu kilichopinduliwa, ndani ya chumba cha mitungi. Haraka.

Trekta la kwanza la zabibu liliingia saa nne. Baba mdogo alimwonyesha dereva matangi. Nilikwenda kusimama katikati ya njia. Sikupaza sauti, nilisema zabibu za mzabibu wa baba zinaingia mtungi wa baba, na asiyeamini aje anuse. Wavunaji sita walishuka na visu vyao. Bibi Mzekala akaja na kigoda chake.

Nyumba yetu ina desturi ya maji ya mwisho. Suuzo la mwisho halimwagwi mpaka linywewe. Bakuli la kwanza la mwoshaji: kama hathubutu, hakuosha. La pili la mwenye mtungi: akinywa, ameukubali, na lawama ni yake tangu hapo. Mmoja wao akitema, mtungi hautumiki mwaka huo. Nimemwona baba akiyanywa yote mawili kila mwaka, akicheka, kwa kuwa alikuwa vyote viwili.

Nilichota la kwanza kwa ndoo ya kamba. Nikanywa mbele ya wote. Maji. Baridi, mazito kidogo, na mwishoni mwa ulimi udongo. Nilisubiri uchachu. Haukuja.

Nikachota la pili. Zakro akanyoosha mkono.

Nilimwona. Ningeweza kusema sikumwona; hakuna atakayeisoma karatasi hii. Ndugu wa marehemu, mwanamume pekee wa ukoo aliyebaki — wote pale walijua mkono ule unakwenda wapi, na kwa mantiki ya wazee haukukosea. Nikalinywa na la pili. Polepole, mpaka chini. Mtungi ni wangu.

Mvunaji mmoja alivua kofia, sijui kwa nini. Mkono wa baba mdogo ulikuwa bado mbele yake.

"Na mimi je?" aliuliza.

Si kwa hasira. Kwa hasira ningejua la kufanya. Hakuna bakuli la tatu katika desturi yetu, na nilikaribia kumwambia hivyo. Badala yake nikampa bakuli tupu. Maji yaliyobaki hayazidi vidole viwili, ndoo haiyachoti tena, chini kabisa, urefu wa mtu. Nilidhani atalitupa.

Amevua koti. Amelala kifudifudi juu ya udongo, kichwa na bega moja ndani ya mdomo wa mtungi, shati limepanda, tumbo lote liko nje limekataa kufuata. Amelifunga bakuli kwa kamba ya mshumaa; linagonga ukuta, halichoti. Wavunaji wanatazama ardhi. Trekta la pili limefika na linaunguruma, hakuna aliyeliambia lielekee wapi. Nimekuja kuketi hapa kwenye kikapu kwa sababu sijui pa kuweka macho, na bado sijui kama nimemdhulumu.

Sauti yake inatoka ardhini. Anasema hafiki. Anasema nije nimshike miguu. Naiacha kalamu —