Miguu ya Mwanasesere

Jumatatu, 3 Machi
Mkono wa kushoto wa mwanasesere tayari. Bado wa kulia, na masikio. Deo aliaga kwenda chuoni, akarudi kutoka njiani kunibusu. Mbele ya mama yake! Aibu. Furaha siku nzima.

Anafundisha wauguzi jinsi ya kumkagua mtoto mdogo, na chuo hakina mwanasesere wa kujifunzia. Akawaambia wenzake, "Mke wangu ana cherehani." Mke wangu. Nimelirudia neno hilo nikiosha vyombo.

Jumatano, 5 Machi
Amekamilika. Kifuani ana puto. Ukiminya mpira, anapumua. Mashavu nimeyajaza pamba hadi yamefura. Miguu minene. Nimeshona mtoto ninayemwota. Deo anasema amefanana na mimi.

Mama mkwe alipita mlangoni. "Omugole, huyu wa pamba nimemwona. Wa nyama lini?" Ndivyo Wahaya tunavyomwita bibi harusi. Nilikimbilia jikoni.

Ijumaa, 7 Machi
Leo kijijini Ngenge, na Deo na wanafunzi wake wawili. Nilibembeleza hadi akanichukua. Wamejifunza kwa mwanasesere wangu, leo wanakagua watoto wenyewe. Akina mama walimcheka mwanasesere, wakampenda.

Tulimalizia kwa wifi Koku, dada yake Deo. Binti yake Kemi aliachishwa ziwa mdogo wake alipozaliwa. Mashavu yake! Nikapiga kelele, "Jamani, amependeza! Huyu ndiye mwanasesere wangu!" Nikampa yule wa pamba amshike. Hakunyoosha mkono.

"Ana adabu huyo, wifi," Koku akasema. "Siku hizi hata halii."

Mwanafunzi mmoja akaanza kama alivyofundishwa, kwa heshima. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo, waitu," Koku akajibu, kwa adabu ileile ya Kihaya.

Akasikiliza kifua. Safi. Tukala ndizi. Njia nzima ya kurudi nilimtazama Deo tu.

Alhamisi, 13 Machi
Koku amepiga simu. Kandambili hazimwingii Kemi. Ngozi ya miguu inabanduka.

Deo aliketi sakafuni. Akaushika mguu wangu, akabonyeza kwa kidole gumba. Nyama ikarudi juu. "Ya Kemi isingerudi," alisema. Siyo unono, ni maji. Tumbo limejaa ndizi, mwili una njaa. Maharage hapewi, wala maziwa, wala dagaa.

Wako njiani kwenda hospitali Muleba. Mvua kubwa. Ee Mungu, mtazame.

Ijumaa, 14 Machi
Kemi amefariki. Alfajiri.

Naichukia pamba.

Jumapili, 16 Machi
Tulimzika jana, kibanjani, kati ya migomba. Kaburi dogo.

Koku aliniuliza mbele ya watu, bila hasira, "Wifi, si ulisema amependeza?" Nilisema. Nilisema kwa sauti.

Yule mwanafunzi alilia nyuma ya jiko. Kosa si lake. Aliuliza "hajambo" na akajibiwa "hajambo". Nani hapa kwetu hujibu vingine? Hata mgonjwa kitandani husema sijambo kwanza, ndipo aeleze anaumwa wapi.

Deo anasema kosa ni lake, yeye ndiye mwalimu, tena ni mjomba. Amelala ameupa ukuta uso. Hajawahi kunipa mgongo.

Jumatano, 19 Machi
Hatuongei sana. Namwogopa kidogo. Nampenda. Vyote viwili.

Jumanne, 25 Machi
Mvua. Deo amebadilisha maswali. Salamu ibaki salamu. Baada yake: Anacheza? Jana alikula nini? Kisha mguu, kidole gumba.

Nimemfumua mwanasesere, miguu yake iwe kama ya Kemi. Nyayo nilijaza pamba, ikarudi juu. Sponji, ikarudi juu. Mama mkwe alinitazama, akatoka bila kunitania. Amerudi na donge la udongo wa mfinyanzi ndani ya jani la mgomba. Akaketi karibu yangu, nikautia miguuni, nikashona.

Mashavu nimeyaacha vilevile. Wajifunze kutoyaamini.

Jioni Deo aliingia, akaketi upande wa pili. Nilibonyeza mguu wa mwanasesere. Shimo likabaki. Aliweka kidole chake humo, taratibu, hakukitoa.