Reli Pana Isiyopita Mlangoni

Mke wangu mpendwa,

Nyumba ya Turffontein imeuzwa. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe kuniarifu. Alivua kofia mlangoni, akasema mnunuzi anataka kuingia mwisho wa mwezi. Nyumba si yetu, tumepanga tu. Vitabu nimevigawa, na vyombo vyako vya jikoni binti yetu Neema amekwisha kuvichukua. Kimebaki kitu kimoja tu, nacho ni reli yako ya mfano.

Ninakuandikia nikiwa katika chumba cha nyuma, kwenye kiti changu kilekile, upande wa stesheni. Meza imejaa chumba kizima kama ulivyoiacha: mlima wa karatasi na gundi, daraja la mawe, kiwanda cha sukari penye kona ya dirisha.

Ulinisimulia Ayalandi kabla hujaniambia kwamba unanipenda. Ulikuwa umerudi kutoka huko ulikosomea uuguzi, nami nilitazamia habari za mvua na makanisa. Wewe ukanieleza treni za viazisukari. Dirisha la bweni lenu, katika mji wa Mallow, lilitazama reli, na kila msimu wa mavuno treni hizo zilipita zikielekea kiwandani. Mabehewa yake yalitengenezwa kwa makasha ya zamani, kasha juu ya kasha, nayo yalijaa viazi vyenye udongo. Mbele yake vilitangulia vichwa viwili vya dizeli.

“Vidogo, Mwalimu,” ulisema, “lakini vina sauti nzito kama ya mjomba wangu akidai mahari.”

Kila kichwa, ulinieleza, kilikuwa na chumba kimoja tu cha dereva, upande mmoja. Kikirudi kinyumenyume, pua yake ndefu ilitangulia na kumziba dereva asione njia vizuri. Kwa hiyo walivifunga viwili pamoja, pua kwa pua, kimoja kikitazama kuendako na kingine kutokako. Wakifika mwisho wa safari, dereva alihama tu kutoka huku kwenda kule, na treni ikarudi bila kugeuzwa. Nilikusikiliza jioni nzima. Mama yangu aliponiuliza tulizungumza nini, nilimjibu, “Dizeli,” naye akasema basi huyo binti hana neno.

Miaka ikapita, tukahamia huku, Neema akaolewa, nawe ukaacha kazi ya hospitali. Ndipo ulipomwita Papa Élysée, yule seremala wa Bukavu mwenye karakana Jeppestown, akujengee meza humu ndani, ubao kwa ubao, kutoka ukuta hadi ukuta. Alipoingiza ubao wa mwisho alisimama akajikuna kichwa.

“Mama, hii meza itatokea wapi siku ingine?”

“Kwani inakwenda wapi?”

“Batu banahamaka, Mama.”

“Sisi hatuhami tena, Papa Élysée. Tumekwisha kuhama vya kutosha.”

Alicheka, nawe ukacheka, nami niliyekuwa nikisoma gazeti katika kiti hiki nikakubaliana nawe kwa kichwa. Kila mmoja wetu katika chumba hiki alikuwa amevuka mpaka akiwa na furushi. Meza isiyoweza kutoka ilitupendeza.

Kisha akaja mzee Pieter wa Malvern, ambaye gereji yake imejaa treni za mfano na ambaye kwa mkono wake uliagiza zako. Zilikuja na magurudumu ya kukaa juu ya reli wanayotumia wapenzi wote wa mchezo huo. Ulizipima, ukakunja uso. Reli za Ayalandi ni pana kuliko za nchi nyingi, pana sana kuliko za hapa na za kwetu, na hizo za dukani zilikuwa nyembamba mno kwa kipimo chake. Tofauti yenyewe haikuzidi nusu ya ukucha wangu.

“Mama, kila mtu anaziacha hivyohivyo,” Pieter alikuambia kwa upole. “Hakuna atakayeona.”

“Nitaona mimi.”

Ukachomoa kila gurudumu, ukatia mhimili mrefu zaidi, ukalaza reli zako mwenyewe juu ya vijiti ulivyokata kwa wembe. Mimi niliyetumia maisha yangu kuwaambia wanafunzi kwamba “karibu na sahihi” ni jina jingine la kosa, nilijua siku ile kwamba nilioa vizuri.

Kazi yangu ilikuwa moja tu: kupiga filimbi. Hukuniruhusu kugusa kisanduku cha kuongozea mwendo, wala waya, wala mafuta. “Wewe ni mkuu wa stesheni, Mwalimu. Mkuu wa stesheni hachafui mikono.” Nami niliifanya kazi hiyo kama inavyopaswa kufanywa. Behewa likiwa limekaa upande, sikupiga. Ulinisihi, ukaninunia, ukaniita jiwe. Sikupiga mpaka behewa likae sawa.

Umeme ulipokatika kwa zamu, mara nyingi treni ilikuwa ndani ya mlima. Ulikuwa ukiinama kwenye tundu la handaki na kutangaza kwa sauti ya heshima: “Abiria wapendwa, tunaomba radhi. Anayetaka chai ainue mkono.” Kisha ulinigeukia. “Mkuu wa stesheni, hesabu mikono.” Nilikuwa nikiinua wangu.

Sasa nikueleze hali ilivyo, kwa kuwa hukupenda kufichwa hali ya mgonjwa.

Panya wamekula viazisukari vyako. Ulivitengeneza kwa mtama ulioununua Jules Street, ukaugandisha kwa gundi kidogo mno, nao wamekwangua behewa moja baada ya jingine. Nimeweka mtego. Wanaupita kama wapita njia wanaoona polisi amelala.

Kichwa kimojawapo cha treni ya viazi, kile kinachotazama mlangoni, kimekufa. Nilisikia harufu ya kuungua, nikazima. Nilikifungua kwa bisibisi yako ndogo, nikaona waya nyembamba kama nywele, nikakifunga tena. Mwenzake bado kinakwenda, ingawa kinasitasita kila kinapofika darajani. Sijui kama ni uchafu wa magurudumu au wa reli. Nilipangusa vyote viwili kwa kitambaa cha miwani. Hakuna kilichobadilika.

Pieter alikuja wiki iliyopita. Magoti yake hayafai tena, lakini alipiga magoti, macho yake yakawa sawa na reli, akaifuata njia yote kwa macho.

“Kazi safi sana,” alisema mwishowe. “Lakini kwangu hazitapita. Magurudumu yatakaa nje ya reli. Kwa mtu mwingine yeyote ninayemjua, hali ni hiyohiyo.” Kisha akaongeza, akitazama chini, “Nikizirudishia magurudumu ya kawaida, nitazichukua zote leo.”

Nilitaka kusema hapana, na nilitaka kusema ndiyo. Nikamuuliza kama anakunywa chai. Alikunywa, akaondoka, nami nikabaki nimeshika kikombe chake. Alisema kweli tupu: treni zako haziwezi kwenda popote duniani isipokuwa juu ya meza hii.

Na meza haipiti mlangoni. Dirishani haipiti pia, kwa maana nondo zimechomelewa ukutani, na mnunuzi ameagiza ziachwe. Neema amenitengea chumba kwake Midrand.

“Baba, chumba ni kidogo. Hata kitanda tumekipima mara mbili.”

“Nimesikia.”

“Eish, Baba, usininyamazie hivyo. Mama angekuwepo, angekuambia uiache.”

“Angalikuwapo, tusingalihama.”

Halafu nilimsikia akilia kwenye simu. Yeye pia amebanwa. Ana nyumba ndogo, ana watoto, na ana baba anayezungumza kana kwamba dunia ni chumba cha mtihani.

Jana Papa Élysée alikuja na utepe wake. Alipima mlango, akapima meza, akapima mlango tena, kana kwamba huenda ungemwonea huruma.

“Mwalimu, mulango inakatala.”

“Hakuna njia nyingine?”

“Njia ni musumeno tu.” Aliketi kwenye kiti chako cha kuzunguka, kisha akakumbuka ni cha nani, akasimama. “Nitakuya siku ya posho. Lakini fasi ya kukata utanionyesha weye. Mama alinikatazaka kugusa reli yake. Mimi siwezi chagua.”

Posho kwao ni Jumamosi. Jumamosi ni kesho.

Tangu asubuhi nimekaa hapa na kipande cha chaki. Nilidhani ningepata mahali ambapo hapangeumia. Nimezunguka meza yote, kwa upande ninaoweza kupita. Nikikata kabla ya daraja, mto unapotea. Nikikata baada ya mlima, handaki litakuwa shimo linalotazama ukuta. Uliijenga njia ya mduara, haina mwanzo wala mwisho, na msumeno popote utakapoingia utakata reli mara mbili. Nilikuuliza kwa sauti, “Wapi?” Huko nje vipaza sauti vya ule uwanja wa mbio za farasi wa jirani vilikuwa vikitangaza majina ya farasi watakaokimbia, na hilo ndilo jibu nililopata.

Mwishoni nimepiga mistari miwili, mmoja kila upande wa stesheni. Hapo ndipo pa kazi yangu, na zaidi ya hapo sina haki ya kuamua. Kipande kitakachobaki kitakaa juu ya kabati, kando ya kitanda nitakacholalia. Papa Élysée ataondoka na mbao zilizosalia. Mabehewa Neema atayatia sandukuni, pamoja na kile kichwa kilichoungua. Pieter sitamwita.

Kichwa kizima nitakiweka juu ya kipande hicho cha reli pana, pamoja na kisanduku ulichonikataza. Nitahakikisha kimekaa sawa. Nitapiga filimbi. Kitakwenda kiasi cha urefu wa mkono wangu, na hapo reli itakwisha. Kisha kitarudi kinyumenyume, pua mbele, dereva haoni aendako, na mwenzake wa kumwonea njia hayupo.

Lala salama, mama wa Neema. Kama umeme utakatika, hesabu mikono.

Mumeo,
Mkuu wa stesheni