Baba Yako Hakuuawa, Desideri

Mwanangu Desideri,

Usitafute salamu ndefu hapa. Pumzi yangu siku hizi ni ya kubana matumizi, nami nimeamua kuitumia kwa jambo moja tu. Daktari amesema moyo umechoka. Alizungukazunguka kwanza, akiniita bibi kwa upole, nikamwambia aseme tu, kwani nimefundisha kemia sekondari mpaka nikastaafu na sijawahi kuogopa jibu.

Barua hii ni ya wazi. Binti wa marehemu dada yangu ataiweka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, wote waisome, wa Dar na wa Rombo. Najua naianika aibu yako juani. Apolinari, baba yako mdogo, amenisihi nisifanye hivyo. Nimemjibu kwamba yeye ameanikwa miaka yote hii bila kosa, na sijasikia mtu hata mmoja akilalamika kwamba jua ni kali.

Unazikumbuka Jumapili zetu? Tukitoka misa ya kwanza, baba yako hakuwa na habari na njia fupi. Alikubeba mabegani akatuzungusha mitaa ya Kariakoo maduka yakiwa yamefungwa, akikusomesha vibao. Ulijua kusoma "jumla na rejareja" kabla hujajua kusoma jina lako. Nyuma yetu alikuja Apolinari na viatu vyako mkononi, maana kila ukipanda mabegani ulivirusha, na kila Jumapili aliviokota akikuambia kwamba siku moja atavivaa yeye. Ulicheka mpaka kofia ya baba yako Leonsi ikaanguka. Apolinari huyo ndiye mtu uliyekuja kumwita muuaji.

Leonsi alipopata saratani ya koo, wewe ulikuwa chuoni Mwanza. Kila wiki alikwenda hospitali kwa miguu, akikatiza Mnazi Mmoja amevaa koti, ili wenzake wa dukani wadhani anakwenda benki. Siku moja alitukalisha stoo ya duka letu, mimi na mdogo wake Apolinari, katikati ya mabomba na mapipa ya rangi, akatuapisha. Kariakoo wakijua naumwa, alisema, watanizika kabla sijafa. Nikamwambia hiyo si sababu ya kumficha mtoto. Hapo akasema lile lililokuwa moyoni.

"Akijua, ataacha mitihani aje anikalie kitandani. Mwacheni amalize. Semeni presha."

Tukasema presha. Presha ni ugonjwa wa heshima, kila mfanyabiashara anao.

Dawa ya maumivu aliyopewa ilikuwa ya maji, chungu kama shubiri. Hakutaka wateja wamwone akiinywa, basi Apolinari akawa anaipima kwa bomba la sindano kule stoo na kuitia kwenye chai yake ya tangawizi. Wewe ulikuja likizo bila kutuarifu, ukapitia mlango wa nyuma, ukamkuta. Aliruka kama mwizi. Alikuwa ameapa, Desideri, na mtu aliyeapa kuficha hana sura tofauti na mtu mwenye hatia. Jioni ile mezani nikakuona unavyoikodolea macho chai ya baba yako. Nikajua kuna kitu kimeingia kwako. Nikadhani kitatoka chenyewe.

Akafariki. Siku tulipomzika kihambani, kwenye shamba la ukoo kule Rombo, ulinivuta kando, kwenye migomba, ukaniuliza, "Mama, mlimpa nini baba?"

Nilikuwa sijala tangu juzi yake. Nilikuwa nimemwosha mwenyewe mume wangu, nikaona alivyobaki mifupa, na mwanangu ananiweka na mimi ndani ya swali lile. Nimejibu maswali ya watoto wa watu maisha yangu yote. Hilo sikulijibu. Nilikugeuzia mgongo nikarudi kwa wafiwa wenzangu.

Mwaka ulipopita, nikaolewa na Apolinari. Ulieneza kwamba wazee wamenirithisha kama ng'ombe, na mahali pengine ukaeneza kwamba tulikuwa tumepanga tangu Leonsi yu hai. Chagua moja, maana hayakai pamoja. Ukweli ni kwamba nilimchagua. Miezi ya mwisho, baba yako aliposhindwa ngazi, Apolinari alimbeba mgongoni mpaka ghorofani. Njia nzima alimtania, akimwambia kwamba alipokuwa mdogo yeye ndiye aliyebebwa, sasa analipa deni, na kwamba yeye ndiye lifti ya jengo hili, mbovu kwa sababu ina mvi. Leonsi alifika juu akicheka. Niambie wewe uliyesoma, mwanamke aliyeyaona hayo aolewe na nani mwingine?

Sasa nakuja kwenye kata, kibuyu kile cha kunywea pombe.

Wazee walikuja kutoka nyumbani kuibariki ndoa yetu, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, na wewe ukasema utahudumia, kama inavyompasa mtoto wa kiume. Nilifurahi kama mjinga. Nikasema moyoni, mwanangu amerudi. Ukajaza kata, ukaja mpaka kwa baba yako mdogo, ukampa kwa mikono miwili. Yeye hakuipokea. Kwetu anayetoa kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, na wewe ulikuwa umesahau, au ulidhani mambo hayo tuliyaacha mlimani.

"Toa sumu kwanza, mwanangu," alikuambia. "Bado naipenda dunia."

Wazee wakaangua kicheko. Ndivyo utani huo unavyosemwa, kila mtu ameusikia mara elfu. Ila wewe hukucheka, wala hukuonja. Ulisimama na kata yako, na mimi niliyekaa karibu nikaipata harufu chini ya ile ya ndizi. Dawa ya wadudu. Nimeshika chupa nyingi mno maabara, harufu kama hiyo haiwezi kunipita.

Nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Kesho yake ungekuwa mahabusu. Badala yake nikainuka nikaichukua kata mikononi mwako, nikasema mama wa mtoto anaweza kuonja kwa niaba yake, nikakutazama machoni nikaipeleka mdomoni.

Uliipiga ikaruka mpaka ukutani.

Nikakuzaba kofi mbele ya watu wote. Nikawaambia wageni mtoto amelewa, mtoeni. Wakakutoa. Mpaka leo ukoo mzima unajua kwamba Desideri alilewa akamvunjia mama yake heshima. Kofi lile lilikuokoa na kitanzi, na wewe umelihesabu kama deni.

Apolinari ndiye aliyepangusa sakafu. Alimkataza msichana wa kazi asiguse, akapangusa mwenyewe, akalifunga lile tambara kwenye mfuko na kwenda kulitupa. Wageni walipoondoka alisema tu kwamba ni heri uende mbali kidogo, na kwamba utarudi. Ukaenda Afrika Kusini. Hukurudi, ila maneno yako yalirudi kwa simu, kwa shangazi huyu na binamu yule. Unajua yamezaa nini? Kwenye harusi na misiba ya ukoo, Apolinari akimpa mtu kata, hata akiionja kwanza mbele ya macho yake, mtu huyo huipokea kwa adabu na kuiweka kando. Nimeshuhudia kila mara. Yeye hutabasamu na kuuliza habari za watoto.

Utasema ningekuambia mapema haya yote yasingetokea. Huenda. Kiapo cha Leonsi kiliisha siku aliyozikwa, najua, na kilichobaki baada ya hapo kilikuwa kiburi changu. Hilo nalikiri, na nitalikiri tena kwa Mungu hivi karibuni. Lakini nawe ulikuwa na mama tangu kuzaliwa kwako, ukaja kuuamini mlango wa stoo ulioutazama kwa dakika moja. Tutakwenda kuhukumiwa sote wawili, wala mimi siinamishi kichwa peke yangu. Na kwa kuolewa na Apolinari simwombi mtu msamaha, awe wewe, awe ukoo, awe paroko.

Sina karatasi ya hospitali ya kukuonyesha. Hata ningekuwa nayo nisingeionyesha. Utaniamini kwa kuwa mimi ni mama yako, au hutaniamini.

Nakukumbuka, Desideri. Nikisikia mtoto anasoma vibao mtaani kwa sauti, bado nasimama dirishani. Sitaki udhani hasira imeyamaliza mapenzi yangu kwako. Ila muda wangu si wa kulilia madirishani.

Nikishafumba macho, nyumba hii, duka chini na sisi juu, itakuwa yako. Leonsi aliiacha hivyo, na ndivyo ilivyo haki. Wajumbe wa ukoo wameanza kunong'ona kwamba utamtoa yule mzee siku hiyo hiyo. Wanasema tayari una wakili. Sitakukataza, marehemu hakatazi. Nina agizo moja. Usimtume wakili, wala mjumbe, wala usipige simu. Njoo mwenyewe. Panda ngazi zile zile. Utamkuta Apolinari amekaa karibu na mlango, maana macho yake hayaoni tena vizuri na anapenda kusikia nani anapita. Atauliza, "Nani huyo?" Mpe shikamoo, umtajie jina lako, ungoje akuitikie.

Halafu mwambie atoke, kama utaweza.

Mama yako,
mke wa Leonsi, na mke wa Apolinari.